Ukingo wa Nepi

Siku za soko, akina mama wa Towero na Choma huteremka milima ya Uluguru kwa miguu wakiwa na mizigo miwili: kichwani tenga la ndizi au mboga, mgongoni mtoto. Njia ni nyembamba, mteremko ni mkali, na mvua ikiwa imenyesha usiku huwa ni utelezi mtupu mpaka mtu aone mabati ya mji wa Morogoro. Wengi wao hufika Soko Kuu la Chifu Kingalu mgongo ukiwa mkavu. Hakuna anayewapongeza. Watu humtazama yule ambaye mwanawe amemchorea ramani kwenye gauni, humcheka kidogo, humpa pole, na mmoja hakosi kusema kwamba mkojo wa mtoto ni baraka. Mimi huwatazama wale wakavu, kwa sababu najua kwamba ukavu ule umefanyiwa kazi.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa Bigwa, mzaliwa wa Kinole, ambaye mtaa mzima humwita Bibi tu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na binti mwenye mimba ya kwanza mara nyingi hurudi kwao kujifungua. Kwa hiyo nyumba ya Bibi haikosi kitoto kichanga: cha binti, cha mjukuu, au cha jirani aliyeletwa akae siku mbili tatu aelekezwe. Yeye mwenyewe hasemi kwamba anafundisha. Hukaa mkekani, hunyoosha miguu, humlaza mtoto juu ya mapaja na kuanza kukunja. Anayetaka kujifunza atazame mikono.

Kazi yenyewe huanza kabla mtoto hajazaliwa, na huanzia kwenye mtumba. Bibi hutafuta shuka kuukuu za pamba, flana za kulalia na taulo nyembamba zilizofuliwa mpaka zimelegea. Muuzaji humsifia mzigo wake. Bibi huitikia kwa adabu, huchomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuomba kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukaacha jivu laini na harufu ya karatasi. Uzi wa poliesta hujikunyata, huyeyuka, na kuacha kijitone kigumu kinachounguza kidole. Kijitone kikitokea, shuka inarudi kwenye lundo hata ikiwa na maua ya kupendeza kiasi gani. Nyuzi za poliesta hazinywi maji; maji hukaa baina ya nyuzi tu, na kitambaa kikibanwa hutoka yote.

Mabinti wenye haraka humwuliza kwa nini asitumie kitambaa kipya cha dukani. Pamba mpya ina nta yake ya asili, na nguo nyingi hutiwa wanga kiwandani ili zionekane nzito na nyororo. Mama anayemvika mtoto nepi siku ileile aliyoinunua hukuta jambo la kushangaza: mapaja yamelowa, mkeka umelowa, na katikati ya nepi pakavu. Mkojo umeteleza juu ya kitambaa ukatafuta njia yake. Ndiyo maana Bibi akiletewa vitambaa vipya huvichemsha kwa sabuni ya mche na magadi kidogo, husuuza, huanika, kisha hurudia tena na tena. Mwisho huchovya kidole kwenye kikombe cha maji na kudondosha tone moja. Tone likikaa juu limejiviringa, kitambaa kinarudi sufuriani. Likizama papo hapo, kimeiva.

Morogoro ni mji wa nguo, na jambo hili lingeweza kuelezwa hata kwa mashine zake. Kiwanda cha Morogoro Canvas Mill kilifuma turubai, yaani pamba iliyobanwa mpaka maji yanagoma kupita. Nepi inataka kinyume chake: nyuzi zilizolegea, zenye nafasi, zilizokwisha kunyanyaswa na dobi. Pamba ni ileile. Tofauti ni jinsi ilivyofumwa na namna ilivyoishi.

Kipenzi cha Bibi kuliko vyote ni kanga iliyochoka. Upande mmoja una urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110 hivi. Akiukata msalaba hupata vipande vinne vya 75 kwa 55, na hapo amepata nepi nne. Kwa kuwa jina la kanga huandikwa katikati, karibu na pindo la chini, mkasi hulipasua, na nepi mbili zikagawana maneno. Nimewahi kumwona mtoto wa miezi miwili amelala fofofo ndani ya nusu ya kijembe kilichotungwa kwa ajili ya mke mwenza.

Kanga ni nyepesi, na mgeni hudhani haitoshi. Hapo ndipo akili ya Bibi inapoonekana. Badala ya taulo moja nene, yeye huweka matabaka kadhaa membamba. Yakiwa mwilini, yanashika mkojo wa kutosha. Yakifuliwa, yanafunguliwa yote na kukauka upesi. Taulo nene hunywa vizuri sana, lakini liache kambani Mgeta mwezi wa Julai, au Kinole wakati wa masika, uone kama litakauka kabla halijaanza kunuka uvundo. Kwenye misitu ya miteremko ya mashariki ya Uluguru mvua hupita milimita 2,500 kwa mwaka. Mtu aliyekulia chini ya mawingu hayo hununua nepi huku akifikiria kamba ya kuanikia.

Sasa kukunja. Bibi hukunja pembe tatu, kama wakunjavyo wengi, lakini ndani yake hulaza kitambaa cha pili kilichokunjwa mara tatu kwa urefu, na mahali pa kukilaza hutegemea mtoto. Mvulana hukojoa mbele, kwa hiyo ncha ya kitambaa hurudishwa ili unene ukae mbele, chini ya kitovu. Uume wake huelekezwa chini kabla ya kufunga, la sivyo mkojo utapanda kiunoni na kutokea juu. Msichana hulowesha katikati, na akilala chali mkojo huteremkia makalioni, kwa hiyo unene huvutwa nyuma. Kwa mtoto ambaye kitovu hakijadondoka, ukingo wa mbele hukunjwa ukashuka chini ya kitovu. Mambo haya matatu tu, yakifuatwa, huondoa nusu ya malalamiko ya akina mama. Wengi hulaza unene katikati kwa kila mtoto, kisha hushangaa.

Lakini ufundi wenyewe uko ukingoni. Nepi haivuji katikati mpaka iwe imejaa kabisa. Huvuja miguuni, na huvuja kiunoni mgongoni mtoto mchanga anapotoa kile kinyesi chepesi cha manjano cha maziwa ya mama. Mikono ya Bibi hupunguza mwendo hapa. Kabla ya kuvuta pembe za kushoto na kulia, huzungusha pindo la kitambaa kwa ndani, pande zote mbili, mpaka linakuwa kijikuta kinachokaa mle kwenye mkunjo wa kinena. Si juu ya paja. Juu ya paja kitambaa hufunguka kila mtoto anaporusha teke. Kwenye kinena mguu ukinyanyuka au ukinyooka, pindo hubaki mahali pake. Kisha hupitisha kidole kuzunguka kila mguu, polepole, kama fundi anayekagua mshono, na akikuta mwanya hufungua yote na kuanza upya. Sijawahi kumwona akiziba mwanya kwa kukaza fundo.

Kukaza ndilo kosa la wengi. Mama akiona nepi inavuja hufunga kwa nguvu zaidi, na kitambaa kilichobanwa hutema maji kiliyokwisha kunywa. Kiunoni Bibi huacha nafasi ya vidole viwili. Pini huipitisha kwanza kwenye kipande cha sabuni ili iingie bila kusukumwa, na huweka kidole chake mwenyewe kati ya ncha na ngozi ya mtoto. Pini ikikosea, itamchoma yeye. Pini ya namna hiyo, yenye kifuniko cha kuficha ncha, ilibuniwa na Mmarekani Walter Hunt mwaka 1849, naye akauza haki zake kwa dola 400 tu. Akina mama wa Morogoro huitembeza ikiwa imechomekwa kifuani kwenye kanga, tayari kwa kazi.

Juu ya nepi huja chupi ya nailoni. Hapa kuna sheria moja ambayo Bibi haisamehei: hakuna hata ncha ya kitambaa inayoruhusiwa kuchungulia nje. Kona ndogo ya kanga ikibaki nje ya lastiki ya mguu, itafanya kazi ya utambi wa kibatari. Itavuta mkojo kutoka ndani, tone kwa tone, mpaka shuka ya kitanda ilowe na nailoni yenyewe ikiwa nzima bila tundu. Nimewasikia akina mama wakiilaani chupi na kununua nyingine, na nyingine tena, ilhali adui ni kona ya sentimita moja. Bibi akimaliza kuvalisha hupitisha kidole mara ya pili na kuingiza kila kinachochungulia. Mjukuu wake akiwa na haraka humwambia, “Bibi, imetosha.” Naye hujibu bila kunyanyua uso, “Haya mwanangu, lakini usiku utafua wewe.”

Watu wamehangaika na kifuniko hiki dunia nzima. Mwaka 1946 Marion Donovan, mama wa Kimarekani aliyechoka kubadili mashuka, alikata pazia la bafuni akashona chupi ya kuzuia mkojo, baadaye akatumia nailoni ya miavuli ya askari, na badala ya pini akaweka vifungo vya kubana. Viwanda vilimkatalia. Duka la Saks Fifth Avenue la New York lilianza kuiuza mwaka 1949, na mwaka 1951, mwaka aliopata hataza, aliuza haki zake kwa dola milioni 1. Huku kwetu, mfuko wa Rambo uliotobolewa matundu mawili ya miguu ulifanya kazi hiyo kwa watu wasio na uwezo, mpaka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Ulikuwa msaada mbaya: unachemsha ngozi, na usipoangaliwa ni hatari kwa mtoto. Afadhali uliondoka. Bibi alimpelekea fundi cherehani jirani yake koti la mvua lililochanika, akamwagiza ashone chupi ya nepi kwa mishono michache na mipana, kwa maana kila tundu la sindano ni mlango, na asiweke mshono wowote chini ya makalio. Fundi alitaka kubishana kuhusu mtindo. Bibi alimlipa nusu, akamwambia nyingine ataipata mtoto akilala mpaka alfajiri.

Mbeleko ina hesabu zake. Mtoto akibebwa mgongoni, kitambaa cha kumbebea humkandamiza mahali palepale penye nepi, na kila hatua ya mteremko huongeza mkandamizo. Mama wa Towero hambebi mtoto mwenye nepi iliyokwisha kupokea mkojo; hubadili kwanza, ndipo hubeba. Humweka juu, magoti yakiwa yamepanda kuliko makalio na miguu imekumbatia kiuno, ili uzito ukae mapajani na nepi ipumue kidogo. Kati ya mtoto na gauni hulaza kipande cha kanga kikavu ambacho hakionekani na mpita njia. Akifika sokoni hukichomoa na kukitia kwenye tenga. Hapo mgongo mkavu unaeleweka.

Nirudi kwenye ufuaji, maana nepi inayovuja leo mara nyingi iliharibiwa wiki tatu zilizopita kwenye beseni. Adui mkubwa katika nyumba zetu ni mafuta ya mgando. Tunampaka mtoto makalioni mpaka anang’aa, tunamfunga nepi, na mafuta hayo huhamia kwenye kitambaa. Maji ya baridi hayayaondoi. Utando unajengeka siku baada ya siku, na pamba iliyokuwa inakunywa tone papo hapo inaanza kuliviringisha. Bibi hupaka kidogo sana, tena mtoto akiwa na wekundu tu, na chini ya makalio hulaza kijitambaa cha akiba ambacho hufuliwa peke yake kwa maji ya moto. Dawa za kulainisha nguo hazigusi kabisa; nazo huacha utando. Sabuni iliyobaki kwenye nyuzi ni tatizo hilohilo, hasa kwa anayefulia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hugeuza sabuni kuwa utando wa kijivu. Anayefulia maji ya kijito cha mlimani ana bahati: povu huja upesi na huondoka upesi. Ila maji ya kwanza, yenye kinyesi, Bibi humwaga chooni. Mito ya Uluguru inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam.

Baada ya jua, pasi. Bibi hupiga pasi ya mkaa kila nepi, mbele na nyuma, na pindo kuliko sehemu nyingine zote. Wageni hudhani ni unadhifu wa kizamani. Lakini kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au chini kwenye nyasi, na funza wake huingia ngozini mwa anayezivaa, vikatoka vijipu. Joto la pasi huua mayai hayo. Pia hukausha unyevu wa mwisho uliojificha kwenye pindo, na pindo lililoingia kazini likiwa na unyevu limeanza kuvuja kabla mtoto hajakojoa. Wakati wa masika, jua lisipotoka, nepi hukaushwa juu ya moto wa jikoni, na watoto wa miezi hiyo hunuka moshi kidogo. Hakuna aliyedhurika kwa harufu hiyo, lakini pasi hairukwi.

Usiku una mpangilio wake. Ule mpira ambao mjamzito huambiwa aende nao hospitali, pamoja na kanga na pamba, Bibi huufua, huuanika na kuutandika chini ya shuka ya mtoto. Huongeza tabaka moja la kanga ndani ya nepi, halegezi ukingo, na huamka mara moja kubadili. Haamini nepi ya kukaa mpaka asubuhi. Mtoto mchanga huweza kukojoa hata mara 20 kwa siku, na kitambaa chochote kina mwisho wake.

Ila siri kubwa ya ukavu wa nyumba ile haiko kwenye kitambaa. Bibi anajua saa za mtoto. Akiamka, akimaliza kunyonya, akianza kujinyonganyonga na kukunja uso, Bibi hufungua nepi, humshika juu ya miguu yake na kumpigia mluzi mdogo wa midomo. Mara nyingi mkojo hutoka pale. Hili si la Waluguru peke yao. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics uchunguzi wao juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya: mama huanza kumzoesha mtoto katika wiki za kwanza, kwa kumpakata kati ya miguu yake na kumpa sauti ya ishara, na kufikia miezi mitano au sita watoto wengi walikuwa wakavu kwa kiasi kikubwa, mchana na usiku. Madaktari wa Magharibi wa wakati ule walifundisha kwamba jambo hilo haliwezekani kabla ya mwaka mmoja na nusu hivi. Wadigo hawakuwa wamesoma vitabu vyao. Kila mkojo uliotoka nje ya nepi ni nepi moja isiyovuja na isiyofuliwa, na Bibi huhesabu hivyo kwa sauti: “Hiyo moja tumeiokoa.”

Nepi za kisasa zenye vifungo, zile zilizoshonwa zikiwa na mfuko wa kutia kitambaa ndani, alizitazama kwa heshima. Alisifu lastiki ya miguu, akasema aliyebuni amewahi kulea. Kisha akatoa kile kitambaa laini cha ndani, akakilowesha, akakikamua kwa vidole viwili tu, maji yakatoka yote. Akakirudisha mezani na kutia vipande viwili vya kanga mahali pake. Ilifanya kazi vizuri sana, na sasa binti wa jirani anatumia hivyo.

Na pampasi? Bibi hana ugomvi nazo. Kwa basi la kutoka stendi ya Msamvu kwenda Dodoma, kwa siku ya kliniki yenye foleni, kwa mama anayerudi kazini na kumwachia mtoto dada asiyejua kukunja, nunua pampasi. Kwa siku nyingine, ukiwa na vipande 20 au 24 vya pamba iliyoiva, chupi mbili za nailoni na kidole kinachokagua kinena kabla ya kufunga, nepi ya kanga haivuji, na ikivuja sababu yake inaonekana kwa macho na inarekebishwa palepale.